Jinsi Nilivyowauzia Wazee Mji wa Salonika

Nimestaafu Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, baada ya utumishi wa miaka mitatu katika ofisi ya safari ya Shangazi Rukia, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, Wembley, London. Nina miaka kumi na saba. Hotuba haikuwepo. Shangazi alinipa kipande cha keki, akaniambia nirudishe ufunguo wa chooni, akaendelea na simu yake. Ninastaafu kwa sababu mitihani imekaribia, na mama anasema mtu hawezi kuwa na kazi mbili, ilhali hata hiyo ya shule kila mwalimu atakwambia siifanyi.

Kiti changu anakirithi binamu yangu Nasra, miaka kumi na minne, anayefahamu Kiswahili chote lakini akijibu anajibu kwa Kiingereza. Nasra, nimeyaandika haya kwa Kiswahili makusudi. Wateja wetu ni wazee wa Kizanzibari, na mzee wa Kizanzibari ukimjibu kwa Kiingereza anakuuliza mama yako yuko wapi.

Nianze na siku ya kwanza, ili ujue kwamba hata mimi nilikuwa mjinga.

Simu ililia. Nikaipokea kama nilivyoona kwenye matangazo: "Ofisi ya safari, nikusaidie nini?"

Ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima: "Wewe nani?"

"Zuwena."

"Zuwena wa nani?"

"Wa hapa ofisini."

Akakata. Huyo alikuwa Bi Mwanaisha, mteja wetu mkubwa kuliko wote, mwanamke ambaye akinunua tiketi mtaa mzima unanunua. Kabla sijaweka mkono wa simu mahali pake, ameshampigia mama yangu kumuuliza mtoto wake amelelewa na nani, maana amemsaidia kabla hajamsalimia.

Shangazi hakunigombeza. Alifungua droo akatoa faili la kijani. Mle ndani kila mteja ana kadi yake: jina, pasipoti inakwisha lini, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, ugonjwa. *Bi Mwanaisha: goti la kushoto.* Nikadhani ni mambo ya bima.

"Bima gani?" akasema Shangazi. "Akipiga unamsalimia, unamuuliza hali, unamuuliza goti. La kushoto, usikosee. Halafu unanyamaza. Safari ataitaja mwenyewe."

"Itachukua nusu saa, Shangazi."

"Tiketi anaweza kununua popote, hata kitandani kwa simu. Goti lake ataulizwa wapi?"

Hilo ndilo somo la kazi yetu, Nasra. Mengine ni vifaa. Printa inapigwa kofi upande wa kushoto, mara moja. Ukiipiga mbili inasusa. Stepla ya buluu inauma watu, tumia nyeusi. Na kila msafiri wa kundi lazima aache picha nne za pasipoti kwenye faili la kijani. Ukiulizwa za nini, sema maneno ya Shangazi: ukipoteza pasipoti ugenini, sisi huku tuna sura yako.

Miaka miwili ya mwanzo niipite haraka. Niliuliza magoti. Niliuliza migongo, sukari na presha. Nilijifunza kusema "kiti cha njiani, karibu na choo" kabla mteja hajaomba, jambo lililonipa heshima kubwa kati ya wanaume waliozidi miaka sitini. Kisha ikaja Salonika.

Wazee wa jumuiya yetu kila kiangazi walikuwa wanakodi basi kwenda Southend. Wanafika, wanavaa makoti, wanakaa ndani ya basi wakiitazama bahari kupitia kioo, wanakula chipsi, wanarudi. Shangazi aliumia roho. Kabla ya kufungua ofisi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja kwenye jiko la uwanja wa ndege akipanga trei za chakula cha abiria. Miaka kumi na moja anafunika kuku wa watu wanaokwenda mahali, yeye anarudi nyumbani kwa basi. Ndipo akaapa atafungua ofisi ya kupeleka watu. Lakini mpaka wakati ule tulichokuwa tunauza ni tiketi za harusi na misiba tu. Watu walikuwa wanarudi makwao. Kwenda mahali wasipopajua hakuna.

Basi akachagua Thesaloniki, mji wa bandari kaskazini ya Ugiriki, siku tano. Hoteli ikasema kundi lisipungue watu kumi na wawili, majina yafike ndani ya wiki mbili. Shangazi akaniita jikoni kwetu, pale nyuma ya printa.

"Zuwena, hii ikishindikana nafunga. Nitarudi kwenye trei."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayesema maziwa yamekwisha. Nikaogopa zaidi.

Kazi ya kuuandikia mji kipeperushi na kuuonyesha kwa slaidi ukumbini nikapewa mimi, kwa sababu nina kompyuta na sina haya. Nikatafuta picha. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nataka ulikariri. Picha za Thesaloniki zilikuwa zinaonyesha mnara wa mawe, bahari, na majumba marefu ya fleti, fleti, fleti. Mimi nikajisemea Ugiriki isiyo na nyumba nyeupe na kuba la buluu haiuziki. Nikachukua picha ya nyumba nyeupe kutoka kisiwa kingine kabisa, nikaiweka mbele. Nani atajua?

Jumamosi ile, baada ya sala ya adhuhuri, ukumbi ulijaa. Tulikuwa na majina tisa tayari. Shangazi alivaa vizuri kuliko Idi. Nikawasha projekta, nyumba nyeupe zikatokea, kina mama wakasema "aaah", nikajiona nimeshafika.

Nikaendelea na Mnara Mweupe, ule ulioko ufukweni, ambao ndio sura ya mji.

"Una ngazi ngapi?" akauliza Bi Mwanaisha, mkono uko kwenye goti.

"Kiasi, bibi. Zinazunguka."

"Zinazunguka kwenda wapi?"

"Juu."

"Na zamani ulikuwa wa nini?"

Nikasoma kwenye karatasi yangu kama kasuku: "Zamani za Waturuki ulikuwa jela."

Bi Mwanaisha akawageukia wenzake. "Sisi kwetu tulitoka mbio kwa kuogopa jela. Leo tukapange foleni kuingia?"

Wakacheka mpaka projekta ikatikisika. Nikakimbilia slaidi ya Rotunda, jengo la duara la Warumi, nikaeleza kwamba lilifanywa kanisa, kisha msikiti, kisha likarudi kwa Wakristo, na mnara wa msikiti bado umesimama pembeni.

"Hilo jengo limehama kuliko mie," akasema mzee mmoja, "na mie nimekaa Dubai, Muskati na Peckham."

Mambo yalikuwa yanakwenda. Watu wanaocheka wananunua. Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa ya ukumbi, sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo anadhani na wengine hawasikii.

"UONGO!"

Alikuwa Mzee Shaame. Kadi yake: *sikio.* Mzee Shaame alikuwa baharia kwenye meli za Wagiriki, kama vijana wengi waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi, na kwa miaka thelathini amewasimulia watu wa London habari za mji huo, ambao mabaharia wanauita Salonika. Huko Salonika, eti, yeye anajulikana kila mtaa. Huko anasema Kigiriki mpaka makasisi wanamuuliza neno. Huko kuna duka la vitafunio ambalo mwenye duka alimpenda akatundika picha yake ukutani.

"Hiyo picha ya mwanzo si Salonika," akasema amesimama. "Rudisha! Salonika haina nyumba nyeupe. Salonika ni fleti! Fleti mstari mmoja, kama Michenzani!"

Mtu akisikia Michenzani, yale majumba marefu ya kwetu yaliyojengwa baada ya mapinduzi, lifti haziendi, maji hayapandi, hakimbilii pasipoti. Na ilikuwa kweli. Wazee wakaanza kuchukua makoti. Mpaka ukumbi unafungwa, majina tisa yalibaki mawili: Bi Mwanaisha, kwa sababu ameshanunua begi, na mume wake, kwa sababu hakuulizwa.

Shangazi alikunja waya wa projekta polepole. "Si kitu," akasema. Njiani kurudi aliniuliza kama bado ninamwona sokoni yule bibi anayeajiri watu kwenye jiko la trei.

Ilibaki wiki moja. Jumapili nikapanda treni Wembley nikakaa mpaka mwisho wa njia, Stratford, anakoishi Mzee Shaame peke yake ghorofa ya nne. Nilikwenda kumwomba mambo mawili: msamaha, na awaambie watu kwamba pamoja na fleti zake mji ni mzuri.

"Shikamoo, babu. Sikio linaendeleaje?"

"Marahaba. Lipo, linaning'inia." Akanipa chai ndani ya kikombe cha chuma. "Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kujifunza, babu."

Nikatandika ramani kubwa ya mji mezani. Nikampa kalamu. Nikamwomba anionyeshe Salonika yake, miaka yote ile. Akavaa miwani. Akaweka kalamu bandarini, akaivuta kando ya maji mpaka kwenye Mnara Mweupe. Akakata kuingia mjini, akasimama mahali karibu na soko: "Hapa duka." Akapanda mpaka mji wa juu, kwenye kuta za zamani. Akashuka akarudi bandarini. Mstari mmoja, safi.

"Sawa," nikasema. "Na siku ya pili?"

Akanywa chai.

"Siku ya pili babu ulikwenda wapi?"

"Sikio hili," akasema.

Nikazunguka meza nikasema kwenye sikio zima: "SIKU YA PILI!"

Mzee Shaame akaiweka kalamu chini. "Hakuna siku ya pili."

"Vipi hakuna?"

"Meli ilitia nanga kutengeneza pampu. Tulishuka asubuhi, jioni tukaitwa tupande. Basi."

Nikamtazama. Miaka thelathini ya hadithi, makasisi, Kigiriki, duka, vyote vimetoka kwenye siku moja ya pampu mbovu. Ndipo nikafahamu ule ukelele wake ukumbini. Picha yangu ilikuwa ya uongo, ni kweli, lakini hilo halikumkera. Alichoogopa ni wazee kumi na wawili kwenda Salonika wakiulizia duka lenye picha ya Shaame ukutani.

"Na picha?"

"Ilipigwa. Mwenye duka alisema ataitundika. Au alisema kitu, sijui. Alikuwa anasema Kigiriki."

Nilicheka mpaka nikamwagia ramani chai. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Ukimwambia mtu..."

"Mimi? Kaburi, babu."

"Kaburi la kwetu au la Waingereza?"

"Yana tofauti?"

"La Waingereza wanaandika juu."

Nikaapa la kwetu. Kisha nikamwambia anisimulie siku yenyewe, ile moja, bila makasisi. Na hapo, Nasra, mwalimu wangu wa pili akaanza kazi. Alikuwa anaikumbuka kwa dakika. Ufukwe mrefu wa kutembea, umenyooka, hauna kilima hata kidogo. Mabenchi kila hatua, watu wamekaa wameupa mji mgongo, wanatazama maji, hawafanyi kitu, na hakuna anayewauliza mbona hamfanyi kitu. Ng'ambo ya maji mlima wenye theluji juu yake, siku ya jua. Mtaa wa juu nyumba za Waturuki zimetoa vibaraza vya mbao nje ya ghorofa kama Mji Mkongwe. Hamamu ya zamani, nyumba ya kuogea yenye makuba, akaitambua bila kuambiwa, maana amezaliwa Hamamni, mtaa wa Mji Mkongwe wenye hamamu yake. Na dukani akapewa bugatsa ya moto: unga mwembamba tabaka tabaka, ndani kastadi, juu sukari ya unga na mdalasini. Alipiga chafya, sukari ikampanda usoni, mwenye duka akacheka, akamvutia kiti.

"Tangu nitoke kwetu," akasema, "huyo ndiye wa kwanza kunivutia kiti."

Nikaandika kipeperushi upya usiku huo huo, bila nyumba nyeupe. Maswali niliyoulizwa ndiyo niliyoyafanya vichwa: Kukaa. Kula. Ngazi (msipande, mnara unaonekana vizuri zaidi ukiwa chini). Choo. Kibla. Kuhusu fleti niliandika: "Ndiyo, kama Michenzani, ila lifti zinakwenda." Sikuwa na uhakika na lifti. Mtu hawezi kutubu kila kitu kwa siku moja.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Shaame akasimama ukumbini. Nilikuwa nimemfundisha aseme maneno matatu. Akasema nusu saa. Hakutaja makasisi. Alitaja benchi, mlima, mdalasini na kile kiti. Nilisikia hata sikio lake la mashine likipiga mluzi. Alipomaliza, Shangazi akaweka karatasi mezani na watu wakasimama kwa mstari. Wanne. Saba. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Kumi na moja, basi. Mstari ukaisha. Hoteli ilitaka kumi na wawili, na siku ya mwisho ilikuwa ile ile. Shangazi akaishika kalamu akitazama mlango, kama anayesubiri mtu aliyechelewa treni.

"Na huyo mwenyewe je?" akasema Bi Mwanaisha. "Shaame! Umetusifia mji wa watu, kisha wewe unaukimbia?"

"Mie nimeshakwenda."

"Si ndiyo maana tunakutaka? Nani atatuonyesha hilo duka lako?"

Mzee Shaame akanitazama. Mimi nikatazama dari, nikihesabu taa. Kisha akamtazama Shangazi Rukia, aliyekuwa bado ameishika ile kalamu hewani, na nadhani alijua habari za trei, maana kwetu kila mtu anajua. Akaja mezani. Akaandika jina lake taratibu, kama mtu anayekiri kosa polisi.

Shangazi akaenda nyuma ya projekta akajifanya anatafuta waya. Alikaa huko muda.

Wiki ya safari Mzee Shaame alikuja ofisini kuleta picha zake nne. Nikazitia kwenye faili la kijani. Akasimama tu.

"Nirudishie moja."

"Ya nini, babu?"

"Ukumbusho. Na hiyo gundi ya kubandikia karatasi ukutani, nipe kidogo."

Nikampa vyote viwili bila kuuliza, na huo ndio uamuzi bora niliofanya katika miaka mitatu ya utumishi.

Mimi sikwenda, nilikuwa na mitihani ya majaribio, ambayo matokeo yake hayahusiani na kumbukumbu hizi. Salonika niliifuata kwa sauti alizonitumia Bi Mwanaisha kwenye simu. Siku ya kwanza: wamekaa kwenye mabenchi saa nne nzima, Shangazi anawaomba wakaone makumbusho, hakuna anayenyanyuka. Siku ya pili: goti limepanda mji wa juu lenyewe, limevuka kuta, halina neno. Na duka? Mzee Shaame anasema siku hizi wanafungua Jumatano tu.

Jumatano sauti ilikuja ndefu. Nimeihifadhi, Nasra, nitakusikilizisha. Asubuhi Shaame hakuonekana kwenye chai. Akarudi anapiga hatua kama kijana, ana sukari kwenye masharubu. Akawaongoza wote, njia moja kwa moja, mpaka kwenye kiduka karibu na soko. Wakaingia. Na kweli, ukutani, kati ya saa na picha ya mtakatifu wao, pana picha ya Shaame, ndogo kama kiberiti.

"Sasa mwanangu," inasema sauti ya Bi Mwanaisha, na nyuma yake nasikia vikombe, "nikasogea nikavaa miwani. Picha hiyo amevaa lile sweta la kijivu alilonunua Wembley Idi iliyopita. Na sikio la mashine limo sikioni. Tumesimama watu kumi na watatu na shangazi yako, tunaitazama. Hakuna aliyekohoa."

"Halafu?" nilijikuta naiuliza simu.

"Halafu nikamwambia: Shaame, mashaallah. Miaka yote hiyo na hujabadilika hata kidogo. Unajua kanijibu nini? Akasema, 'Hewa ya bahari.' Basi tukavuta viti tukakaa."

Waliporudi, ofisi ilipata simu nyingi kuliko wakati wa misiba. Mwaka uliofuata tulipeleka makundi mawili. Shangazi hajataja trei tena, ila kwenye ndege bado anaifunua kwanza ya jirani kuona kama kuku amefunikwa vizuri.

Najua niliapa. Nimegundua kaburi langu ni la Waingereza. Lakini ndani ya duka lile walijua wote, na nadhani walijua miaka thelathini. Hata mimi najua meli haikai bandarini muda wa kumfundisha baharia Kigiriki cha kuulizwa na makasisi.

Kwa hiyo, Nasra. Kwenye faili la kijani utakuta picha tatu za Mzee Shaame badala ya nne. Usimdai ya nne. Na kwenye kadi yake, chini ya *sikio*, nimeongeza kwa kalamu nyekundu neno moja: *Salonika*. Akipiga simu msalimie, muulize hali, muulize sikio, kisha umuulize Salonika, halafu unyamaze. Unaweza hata kumuuliza siku ya pili. Sasa anayo.